Waraka kwa Wanajumuiya: Kukaguliwa Si Kutukanwa

Ndugu zangu wanajumuiya,

  

Nawaandikia kwa huzuni, lakini siandiki kwa hasira. Wengi wenu mmeshaisikia habari hii vipande vipande, kwenye simu za usiku na kwenye maegesho ya magari baada ya msiba au harusi, maana ndiko tulikozoea kuyasemea yale tusiyothubutu kuyasema kikaoni. Kamati imeniomba niyaweke wazi ili wote tusikie jambo moja, lisiloongezwa chumvi. Mwenzetu mmoja, mtu tuliyekula naye na kuzika naye, amekuwa akikusanya fedha za wanajumuiya kwa ahadi ya faida ya asilimia 10 kila mwezi. Alisema zinanunua malori ya mizigo. Miezi ya mwanzo watu walilipwa, tena siku ileile waliyoahidiwa, nao kwa furaha wakawaita ndugu zao. Baadaye malipo yakaanza kuchelewa, simu zikawa hazipokelewi, na malori yenyewe hakuna aliyewahi kuyatia machoni. Jina lake silitaji, kwa sababu suala liko mikononi mwa wanasheria, na kwa sababu waraka huu haumhusu yeye peke yake. Unatuhusu sisi sote tuliomfungulia njia.

Kabla ya kuendelea, tukumbushane sisi ni watu gani. Tumefika Marekani kwa milango tofauti. Wapo waliokuja kusoma, wapo waliopata viza ya bahati nasibu, wapo waliofuata wenzi wao, na wapo ndugu zetu wa Kongo na Burundi waliopitia makambi ya Kigoma, Nyarugusu na mengineyo, kabla ya kupandishwa ndege. Tulipofika, wengi tulianzia kubeba maboksi. Hata leo dada zetu wanapiga zamu mbili kwenye nyumba za kulelea wazee, na kaka zetu wanalala kwenye malori pembezoni mwa barabara kuu. Katika hali hiyo hatukuwa na shangazi wa kumkimbilia wala mjomba wa kutukopesha. Tulikuwa na jumuiya. Mtu akifiwa, kabla hajamaliza kulia, sufuria zimeshafika mlangoni na orodha ya rambirambi imeshafunguliwa. Mwenzetu akifariki, tunachangishana mpaka mwili unafika kwao, Moshi au Mtwara, Kisumu au Uvira. Mama akijifungua, zamu ya kumpikia inapangwa bila yeye kuomba. Hatukuandikishana mkataba kwa lolote kati ya hayo. Tuliyafanya kwa sababu kila mmoja alijua kwamba zamu yake nayo itafika.

Hapo ndipo palipo na uchungu, ndugu zangu. Aliyetuumiza hakuvunja mlango wa mtu. Aliingia kwa salamu zetu. Alitumia kundi letu la WhatsApp, lile lile la kutangazia misiba. Alitumia orodha ya simu iliyokusanywa kwa ajili ya kufa na kuzikana. Alipokwenda kwa mama mmoja mwenye akiba yake ya miaka mingi, hakumwonyesha hesabu zilizokaguliwa wala leseni. Alimkumbusha jinsi alivyosimama naye mumewe alipofariki. Rambirambi ikageuzwa dhamana. Fedha zinaweza kutafutwa upya, ingawa kwa jasho. Lakini mtu akianza kujiuliza kama mwenzake aliyekuja kumpa pole amekuja kwa pole au kwa mfuko wake, jumuiya imepoteza kitu ambacho hakuna zamu ya usiku inayoweza kukilipa.

Mnajua kwamba kazi yangu ni upangaji wa mambo ya fedha, na katika wiki hizi wengi mmekuja na makaratasi yenu. Lililonishtua kuliko yote ni idadi ya watu waliotoa fedha kwenye akaunti zao za uzeeni, ile 401(k) ya kazini, ili wazipeleke kwenye malori hayo. Nilieleze jambo hili polepole, maana ni hasara iliyotangulia hasara. Mtu aliye chini ya umri wa miaka 59 na nusu akitoa fedha hizo kabla ya wakati, kwa kawaida anatozwa adhabu ya asilimia 10 juu ya kodi ya mapato. Chukueni mfano wa mwenzetu anayetoa dola 20,000 naye yuko kwenye ngazi ya kodi ya asilimia 12. Adhabu ni dola 2,000, kodi ya serikali kuu ni dola 2,400, na kama jimbo lake lina kodi, nalo linachukua sehemu yake. Zinabaki dola 15,600 au pungufu. Huyu amepoteza zaidi ya dola 4,000 kabla hajamkabidhi mtu hata senti moja. Tena ameng'oa fedha ambazo pengine mwajiri alizichangia bure. Kuna waajiri wanaoongeza senti 50 kwa kila dola unayoweka, mpaka kiwango fulani cha mshahara. Mwenye mshahara wa dola 40,000 anayeweka asilimia 6, yaani dola 2,400, anaongezewa dola 1,200 kwa mwaka. Hiyo ndiyo faida iliyokuwa mezani kwake, halali na imeandikwa, akaiacha akaenda kutafuta ya kuambiwa.

Sasa tuipime ahadi yenyewe. Asilimia 10 kwa mwezi inasikika kama jambo la kawaida mpaka uipigie hesabu. Dola 1,000 zikizaa hivyo, na faida ikiachwa izae pia, kwa mwaka zinapita dola 3,100. Kwa miaka mitano zinapita dola 300,000. Soko zima la hisa la Marekani, pamoja na kampuni zake zote kubwa, kwa muda mrefu limetoa wastani wa asilimia 10 hivi kwa mwaka, si kwa mwezi, tena kwa kupanda na kushuka kunakotoa watu jasho. Mtu mwenye biashara inayozaa asilimia 10 kila mwezi bila kukosa hana haja ya akiba ya muuguzi wala ya dereva. Benki zingepanga foleni kumkopesha.

Wala mchezo huu si mgeni, wala sisi si wa kwanza kuchezewa. Mwaka 1920, mjini Boston, mhamiaji wa Kitaliano aitwaye Charles Ponzi aliwaahidi watu faida ya asilimia 50 kwa siku 45, akidai anafanya biashara ya kuponi za posta za kimataifa. Wengi waliompelekea fedha walikuwa Wataliano wenzake, wahamiaji kama sisi, waliofurahi kumwona mtoto wa kwao ameula. Kuponi zenyewe hazikuwapo kwa kiasi hata cha kukaribia fedha alizokusanya. Wa kwanza alilipwa kwa fedha za wa pili, na kabla mwaka haujaisha Ponzi alikuwa mikononi mwa sheria. Nyumbani Tanzania hatujaisahau DECI, ambako watu walihimizwa kupanda fedha kama mbegu na kusubiri kuvuna, na waliosimama mbele walikuwa wachungaji. Serikali iliizima mwaka 2009 na maelfu wakabaki mikono kichwani. Madoff naye, mlaghai wa mchezo huohuo aliyeanguka New York mwaka 2008, aliwapata wengi kupitia jamii yake ya Kiyahudi, klabu zake na taasisi za hisani zilizomwamini. Watu wale walitofautiana na sisi kwa lugha, kwa dini na kwa mali. Njia ya kuwafikia ilikuwa moja: ni mwenzetu, basi hatuna haja ya kuuliza.

Hapa ndipo ninapotaka tuelewane vizuri. Ugonjwa wetu mkubwa kuliko tamaa ni muhali. Tamaa iko kwa kila binadamu, lakini muhali tumeulea wenyewe na kuuita adabu. Tunaona haya kumwomba mwenzetu risiti. Tunaona haya kumwuliza mweka hazina salio, tukihofia kuambiwa tunamshuku. Muhali huo huo tunauvusha bahari: mtu anatuma fedha za kujenga Kigamboni au Kitengela, anamwonea ndugu yake muhali wa kumwomba stakabadhi za saruji, mwishowe anatumiwa picha za nyumba ya jirani. Katika jambo hili la malori, nimezungumza na watu walioshuku tangu mwanzo. Walinyamaza. Mmoja aliniambia, "Mwenyekiti, ningeuliza ningeonekana nina wivu." Wengine waliokwisha kuona dalili mbaya walinyamaza kwa sababu waliwaingiza wadogo zao, na aibu ikawafunga midomo wakati wengine bado wanaendelea kutoa. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mimi nimelelewa na utaratibu mwingine, na wengi wenu pia. Nilisoma sekondari katika shule iliyo chini ya jeshi, kisha baada ya kidato cha sita nikaenda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, kama ilivyokuwa lazima kwetu kabla utaratibu ule haujasitishwa mwaka 1994. Humu ndani mpo wa shule za Makongo na Jitegemee, mpo mliokula vumbi la kambi za Ruvu, Mafinga na Oljoro, na wapo wenzetu wa Kenya waliopitia huduma ya vijana ya NYS kule Gilgil. Mnakumbuka stoo jioni. Koplo anayapanga majembe ukutani, mipini chini, na anayahesabu kwa sauti huku kombania nzima imesimama mstari. Likipungua moja, hakuna anayelala: si kuruta mwema, si mtoto wa mkubwa. Sisi tuliokuwa wageni tulinung'unika kwamba tunafanywa wezi. Ndipo afande wetu, kabla ya kukagua masanduku yetu, akafungua lake mbele yetu: sare mbili, viatu, Biblia, kopo la kiwi na barua za mkewe. Akamwita kuruta mmoja aje kuhesabu. Kuruta alipomaliza, afande akatuambia, "Kukaguliwa si kutukanwa." Tangu siku ile kombania ile haikunung'unika tena, na vitu havikupotea.

Sisemi jeshi liliyafanya yote sawa. Tuliopita tunajua tuliyoyaona. Ninasema lilitufundisha kwamba kuhesabu hakuvunji undugu, na kwamba hesabu huanzia kwa mkubwa. Mwaka 1966, wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam walipoandamana kupinga sheria ya kulitumikia taifa, Mwalimu Nyerere aliwafukuza, lakini papo hapo akatangaza kuupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wapo wanaobishana mpaka leo kama aliwaonea vijana wale. La mshahara halina mbishi. Wazee wetu nao, bila kwata wala gwaride, walishasema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakusema mali ya mwizi. Walisema mali, hata iliyo mikononi mwa mwaminifu.

Kwa hiyo naomba nizungumze na kila mmoja kwa nafasi yake.

Kwenu mlioumia: pole sana, na inueni vichwa. Hamkuwa wajinga, mlitendewa hila na mtu aliyejua pa kuwagusa. Kusanyeni kila kitu mlicho nacho, ujumbe wa simu, stakabadhi za kutuma fedha, tarehe na majina, wala msifute chochote kwa hasira. Tutapeleka taarifa kwa msimamizi wa masoko ya mitaji wa jimbo na kwa SEC, ile tume ya serikali kuu. Najua wapo wanaohofia makaratasi yao ya uhamiaji. Mwizi wa aina hii huitegemea hofu hiyo kuliko kitu kingine chochote. Njooni kwanza tuwakutanishe na mwanasheria, mjue haki zenu kabla ya kuamua kukaa kimya. Na jihadharini na watakaowapigia simu wakidai wanaweza kuwarudishia fedha zenu mkilipa ada kidogo kwanza. Hao huja baada ya kila balaa la namna hii, nao ni wezi wa zamu ya pili.

Kwenu mlioingiza wenzenu bila kujua: msijifiche. Piga simu kwa kila uliyemwingiza, mwambie ukweli leo, ili asiongeze fedha nyingine na asimwite mwingine. Mjue pia kwamba mtu anayelipwa kamisheni kwa kuwaleta wenzake kwenye uwekezaji usiosajiliwa anaweza kubeba lawama ya kisheria, hata kama moyo wake ulikuwa safi. Ukimya unaongeza mzigo, ushirikiano unaupunguza.

Kwenu mliopata faida kabla mambo hayajaharibika: nawasihi msizitumie fedha hizo kama zenu. Katika kesi ya Madoff, mfilisi aliyeteuliwa aliwadai watu waliotoa zaidi ya walichoweka, hata wale ambao hawakujua lolote, kwa sababu faida yao ilikuwa akiba ya mtu mwingine. Sheria kando, fikirini wenyewe. Asilimia 10 uliyopokea Machi ilitoka kwenye mfuko wa mwenzako aliyeingia Februari. Unamjua. Mnaswali naye, au mnaimba naye kwaya.

Na kwenu vijana mnaosema, "Haya yalikuwa mambo yetu binafsi, jumuiya inaingiliaje?" nawajibu kwa upole. Tangu mwaka 1946, katika kesi ya Howey iliyohusu mashamba ya machungwa ya Florida, Mahakama ya Juu ya nchi hii ilishaweka msingi: watu wakiweka fedha katika shughuli ya pamoja wakitarajia faida kutokana na juhudi za mtu mwingine, huo ni uwekezaji unaosimamiwa na sheria za dhamana za uwekezaji. Iwe machungwa, malori au kuku, sheria haitazami kilichoandikwa kwenye tangazo. Anayekusanya fedha hizo hawezi kujikinga kwa kusema sisi ni familia.

Msidhani ninataka tuache kushirikiana. Mchezo wetu wa kupokezana michango kwa zamu uendelee, upatu wetu uendelee. Katika mchezo kila mtu anajua wenzake ni nani, anajua zamu yake ni lini, na hakuna anayeahidiwa zaidi ya alichochangia. Mfuko wa kufa na kuzikana uendelee, maana huo ndio uti wa mgongo wetu. Ila kuanzia sasa kamati inapendekeza haya: fedha za jumuiya zikae benki yenye bima ya FDIC, ambayo hulinda amana mpaka dola 250,000 kwa mwenye akaunti katika kila benki, kila malipo yawe na saini za watu wawili wasio wa nyumba moja, taarifa ya benki, si muhtasari wa mdomo, iwafikie wanachama kila mwezi, na orodha zetu za simu zisitumiwe na mtu yeyote kutangaza uwekezaji. Marufuku hiyo inaanza na mimi. Ninaishi kwa kushauri watu juu ya fedha, kwa hiyo mikutano ya jumuiya haitakuwa soko langu. Na mwanachama anayenijia ofisini, naomba aanze kwa kunichunguza. Andikeni jina langu kwenye BrokerCheck, tovuti ya FINRA ya kuchunguza mawakala wa uwekezaji, na kwenye tovuti ya SEC ya washauri wa uwekezaji. Ni bure, na mtaona leseni, historia ya kazi na malalamiko kama yapo. Mfanyieni hivyo kila anayetaka kugusa akiba zenu, awe na jina la kwetu au la kwao. Asiyeonekana popote, mpeni chai, msimpe hundi.

Vivyo hivyo kwa fedha za nyumbani. Anayetaka kuwekeza Tanzania zipo njia zenye daftari, kama vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT na hatifungani za serikali. Hazitakutajirisha kwa miezi sita, lakini zina taarifa inayosomeka na mahali pa kuuliza. Nendeni polepole. Wekeni kwanza akiba ya miezi michache ya kula na kulipa pango, chukueni mchango wote ambao mwajiri anautoa, lipeni kadi za mkopo zenye riba kubwa, kisha ndiyo muangalie mengine. Ni ushauri usio na msisimko, nami nautoa kila siku kwa watu waliokuja wakitafuta msisimko.

Ndugu zangu, sitaki jambo hili litufanye watu wa kushukiana. Shaka ni kumhukumu mtu moyoni bila kumpa nafasi ya kujibu. Swali ni kumpa nafasi hiyo mbele ya watu. Mweka hazina anayeulizwa na kujibu anatoka kikaoni akiwa na heshima kubwa kuliko aliyoingia nayo, na asiyeulizwa anabaki na minong'ono asiyoweza kuijibu. Tukiuliza kwa adabu na kujibiwa kwa karatasi, tutakuwa tumemlinda mwaminifu kabla ya kumkamata mwizi. Mkutano mkuu ujao utaanza na hesabu, kabla ya chakula na kabla ya hotuba. Taarifa za benki za miaka mitatu zitakuwa mezani, na mwenyekiti atakuwa wa kwanza kusimama na kuulizwa. Njooni na miwani, njooni na kalamu, na yeyote mwenye swali alilolinyamazia kwa muhali aje nalo siku hiyo.

Mungu awape wepesi mlioumia, na atupe sote ujasiri wa kuambizana ukweli.

Wenu katika utumishi,
Mwenyekiti wa Jumuiya